Ganda Gumu na Neno la Muuzaji

Wahenga walituachia methali isemayo, "Usione vyaelea, vyaundwa." Kwa kawaida tunaitumia kumkumbusha mtu kwamba nyuma ya kila mafanikio kuna jasho la mwenyewe. Mimi nilizaliwa Pangani, katika ukoo wa mafundi wa vyombo, na kwetu methali hii ilichukuliwa kama ilivyo, bila fumbo lolote. Kuelea ni jambo la nje, linaonekana na kila apitaye pwani. Kuundwa ni jambo la ndani, na alijuaye ni fundi. Baina ya hayo mawili ipo nafasi, na ndani ya nafasi hiyo biashara ya watu huweza kuwa ya haki au ya dhuluma.

Katika insha hii nataka kuitazama nafasi hiyo kwa mfano wa kitu ambacho yamkini wasomaji wengi wa Kiswahili hawajapata kukigusa, nacho ni ubao wa kuteleza juu ya mawimbi. Tena si ubao mpya bali uliokwisha kutumika, na hasa ule ulioundwa kwa epoksi. Nauchagua mfano huu kwa sababu ndio kazi yangu. Kwa miaka mingi sasa naishi Santa Cruz, katika jimbo la California nchini Marekani, na riziki yangu naipata katika karakana ndogo ya kutengeneza mbao zilizoumia. Swali langu ni hili: mtu anayeuza kitu ambacho kasoro yake haionekani kwa macho, anawajibika kusema kiasi gani? Na kama yeye mwenyewe hana hakika kwamba kasoro hiyo ipo, je, akinyamaza amedanganya?

Ili swali hili lisiwe la hewani, hatuna budi kwanza kuujua ubao wenyewe.

Mchezo huu asili yake ni visiwa vya Polinesia, na hasa Hawaii, ambako watu wa kale walichonga mbao zao kwa miti kama vile koa, wiliwili na mshelisheli, huu huu mshelisheli tuujuao Unguja na Pemba. Hapa Santa Cruz watu bado wanaukumbuka mwaka 1885, pale wana wa kifalme watatu kutoka Hawaii, waliokuwa wakisoma California, walipoteleza juu ya mawimbi ya mlango wa mto San Lorenzo kwa mbao zilizochongwa kutokana na ile miti mikubwa myekundu ya misitu ya huku. Ubao wa namna hiyo ulikuwa mti mtupu, juu mti na ndani mti. Ukipasuka, ufa unauona, ukioza, unaunusa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mambo yakabadilika. Kikaja kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo, kile ambacho mafundi wetu wa boti hukiita faiba, na zikaja rezini, yaani gundi za majimaji ambazo hugeuka ngumu zikichanganywa na dawa yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Hobie Alter na Gordon Clark, wote wa California, wakafanikiwa kutumia povu gumu la poliyurethani mahali pa mti mwepesi wa balsa. Clark akaanzisha kiwanda chake mwaka 1961, na kwa zaidi ya miaka arobaini mafundi wengi wa Marekani walikuwa wakinunua kwake kiini cha ubao, kisha wanakichonga na kukivika faiba. Tarehe 5 Desemba 2005 akakifunga kiwanda kwa ghafla. Mafundi waliachwa mikono mitupu, na wengi wakageukia njia ambayo ilikuwapo tangu zamani lakini ikibezwa, nayo ni ile ya epoksi.

Tofauti ya njia hizi mbili si kubwa kuielewa. Ubao wa zamani una kiini cha poliyurethani na ganda la faiba lililoloweshwa kwa rezini ya poliesta. Ubao wa epoksi mara nyingi una kiini cha polistirini, kile kitu cheupe cha chembe chembe ambacho televisheni mpya hufungashiwa ndani ya boksi lake. Poliesta haiwezi kutiwa juu ya kiini hicho, kwa sababu ndani yake mna stirini, na stirini huiyeyusha polistirini kama vile petroli inavyoiyeyusha mbele ya macho yako. Epoksi haina tabia hiyo. Zaidi ya hayo, epoksi inashika sana, hainywei mno inapokauka, na hukubali kupindika kidogo kabla ya kuvunjika. Viwanda vikaongeza jambo jingine: juu ya kiini chepesi wakaweka tabaka jembamba la povu zito zaidi au la mti, ndipo ikafuata faiba, na vyote vikabanwa pamoja ndani ya kalibu. Hivyo ukapatikana ubao mwepesi wenye ganda gumu ajabu. Goti la mtu likiupiga ubao wa poliesta huacha shimo la kuonekana. Likiupiga huu, mara nyingi huacha kivuli tu.

Sasa msomaji atauliza, kama ni mgumu hivyo, lawama iko wapi? Lawama haiko katika ugumu, bali katika kile ambacho ugumu unakisitiri.

Chembe za polistirini zimevimbishwa kwa mvuke na kubanwa hata zikashikana. Kila chembe peke yake haiingii maji kwa wepesi, lakini baina ya chembe na chembe hubaki vijia vidogo. Ganda likipata ufa mwembamba kama unywele, tuseme kando ya tundu la pezi au pale inapofungwa kamba ya mguuni, ubao huanza kunywa. Jinsi unavyokunywa ni jambo la kustaajabisha. Ukiulaza ubao mchangani juani, hewa iliyo ndani hupata moto, hutanuka na kutoka kupitia ule ufa. Ukiutia baharini, na bahari ya huku ni ya baridi, hewa iliyobaki husinyaa na kuvuta maji kuingia. Kesho vivyo hivyo, na kesho kutwa. Hakuna siku ambayo mwenyewe anaweza kusema kwamba leo ndipo ubao ulipoharibika. Ndiyo maana mbao nyingi za namna hii hutiwa kitundu maalumu cha kupumulia, chenye skrubu au kiwambo kinachopitisha hewa na kuzuia maji.

Ubao wa poliesta nao hunywa maji, tena hupasuka upesi zaidi. Lakini mara nyingi ganda lake linapitisha mwanga, na povu lililolowa hugeuka rangi, likawa la manjano au la kahawia kuuzunguka ufa, hata mtoto akaliona. Ubao wa epoksi wa kiwandani kwa kawaida umepakwa rangi kutoka kichwani hadi mkiani. Juu unang'aa na ndani umelowa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mnunuzi mjuzi anazo njia za kuupeleleza. Huupima kwa mizani na kulinganisha na uzito wa ubao kama huo ulio mzima; lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ubao wa kilo 3 ulionywa lita moja umejiongezea theluthi ya uzito wake. Huugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kwani mahali ambapo ganda limeachana na kiini hulia mlio wa utupu. Hubonyeza kwa dole gumba pale mpandaji anapokanyaga. Huchungulia kandokando ya mapezi. Huuliza kama ulipata kutengenezwa, na kwa rezini gani, maana wapo waliotia poliesta juu ya jeraha la polistirini na kuyeyusha kiini chini ya kiraka kizuri. Hata baada ya yote hayo, mjuzi mwenyewe anaweza kukosea. Na jambo la kusikitisha ni kwamba wajuzi si ndio wanunuzi wakubwa wa mbao kuukuu. Wanunuzi wakubwa ni wanaoanza kujifunza, wanafunzi, na wazazi wanaomtafutia mtoto ubao wa bei nafuu. Yule asiyejua kitu ndiye anayeletewa kitu kigumu kujulikana.

Na hasara yake si ya fedha tu. Kiini kilicholowa hupoteza nguvu, ganda likaachana nacho, na ubao ambao jana ulikuwa mzima machoni pa watu ukakatika vipande viwili wimbi kubwa linapouangukia. Anayebaki majini ni mtu asiye na kitu cha kumwelesha, katika bahari ambayo baridi yake huufisha ganzi mkono usiokuwa na vazi la mpira. Wengi huogelea wakafika salama. Lakini mwanafunzi wa mchezo huu aghalabu ndiye mwogeleaji dhaifu zaidi aliyeko majini siku hiyo.

Nitaeleza kisa kimoja kilichonifanya nilitafakari jambo hili kwa kina. Mwishoni mwa kiangazi kimoja alikuja karakanani kijana aliyekuwa akihama mji, na alitaka kuuza ubao wake. Ulikuwa wa epoksi, wa futi 7 hivi, mweupe, mzuri wa kutazama. Pezi la katikati lilikuwa limegonga mwamba miezi kadhaa nyuma, na kando ya tundu lake palikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Alikuwa ameuziba kwa nta na kuendelea kuutumia. Aliniomba niupige msasa, nitie epoksi kidogo na rangi nyeupe juu yake, pasionekane kitu.

Nikamwambia kuwa kabla ya kuziba ni vizuri tujue kama ndani mna maji, kwani kuufunga ufa juu ya maji ni kuyafungia maji ndani. Akanijibu kwa adabu, na maneno yake yalikuwa na akili. Alisema, "Wewe hujui kama mna maji, na mimi sijui. Nikimwambia mnunuzi kwamba yamo, huenda nikasema uongo. Nikimwambia hayamo, huenda pia nikasema uongo. Basi nikinyamaza, uongo wangu uko wapi?"

Nilikubali kwamba hoja yake ilikuwa na uzito. Nikamwonyesha mizani iliyoning'inia mlangoni, nikamwambia kuwa kuupima ni kazi ya dakika moja, na wala sitamtoza kitu. Akautazama ubao, akaitazama mizani, akasema, "La, usiupime." Akauchukua ubao wake akaenda zake. Sikupata kujua aliutengeneza wapi wala aliuuza kwa nani.

Maneno yale mawili, "La, usiupime", yalikaa nami muda mrefu kuliko hoja yake yote. Kwani mtu asiyejua tu hana sababu ya kuiogopa mizani.

Swali alilolizua kijana yule ni la kale sana. Cicero, mwanasheria na mwanafalsafa wa Roma, alilijadili mwaka 44 kabla ya Kristo katika kitabu alichokiandika kwa ajili ya mwanawe juu ya wajibu wa binadamu. Anatoa mfano wa mtu anayeuza nyumba ambayo yeye anajua, na wengine hawajui, kwamba haikaliki kwa afya, ina nyoka vyumbani na boriti zake ni mbovu. Anawaleta wanafalsafa wawili wa kabla yake wabishane. Diogenes wa Babeli anashikilia kwamba muuzaji akisema yale ambayo sheria inamtaka aseme, na asipotia hila, mengine si lazima ayatangaze. Kutosema ni jambo moja, na kuficha ni jambo jingine. Mwanafunzi wake Antipater anakataa, akisema kwamba binadamu wote wamefungamana, na mwenye kunyamaza mbele ya mtu anayekaribia kupata hasara anauvunja udugu huo. Cicero anaegemea upande wa Antipater. Kwake, kuficha ni kutaka, kwa faida yako, wasijue wale ambao kujua kungewafaa.

Pwani yetu nayo haikungoja Warumi kuijua hukumu hii. Waislamu wanayo habari iliyopokewa ya Mtume kupita sokoni, akaingiza mkono katika chungu ya nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu chini ya nafaka kavu. Mwenye mali alisema ni mvua iliyoipata. Mtume alimuuliza mbona basi hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, na akamkana kila mwenye kughushi. Tazama jinsi mfano huo unavyofanana na ubao wetu: kavu juu, maji chini. Kutokana na mafundisho kama hayo wanazuoni waliweka hiari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kurudisha kitu akigundua kasoro iliyokuwamo kabla ya kununua. Sheria ya kuuza bidhaa tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza, ambayo chimbuko lake ni sheria yao ya mwaka 1893, yenyewe ni nyembamba zaidi: humbana mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina hiyo ziwe na ubora wa kuuzika, lakini mtu binafsi anayeuza kitu chake kimoja mara nyingi humwachia mnunuzi afungue macho yake.

Lakini kufungua macho kuna faida gani ambapo macho hayafiki? Hapo ndipo mifano ya kale inapotuacha njiani. Mwenye nyumba wa Cicero aliwajua nyoka wake. Mwenye nafaka aliijua mvua. Mwenye ubao wa epoksi huenda kweli hajui, kwa sababu ganda lilimficha hata yeye.

Nilimpigia simu mjomba wangu, ambaye ameunda mashua na madau tangu ujana wake. Baada ya "Shikamoo mjomba" na "Marahaba mjomba, habari za huko kwenye baridi?" nikamweleza habari za mbao hizi na hoja ya yule kijana. Alinisikiliza, kisha akasema hivi:

"Chombo cha mbao kinavuja. Hata kipya kinavuja. Ndiyo maana tunakitia kalafati, pamba na mafuta, na kila mwaka tunakipandisha pwani tukitazame tena. Kuvuja kwake ndiyo kauli yake. Nahodha hahitaji kumuuliza mtu. Anatazama ngama, anajua leo maji yamezidi ya jana, anafua, akifika anatafuta ufa. Hicho chenu hakina kauli. Kimekaa kimya mpaka siku ya kukatika. Sasa mjomba, kitu kisichokuwa na kauli, wa kukisemea ni nani kama si mwenyewe aliyekaa nacho?"

Akaongeza kuwa hata huko boti za faiba zimeingia, na kwamba yeye akiitwa kuikagua moja ya kununuliwa haanzi na boti. Anaanza na mwenyewe. Anamkalisha chini na kumuuliza ilifanya kazi wapi, ilipanda mwamba lini, nani aliitengeneza.

Nadhani mjomba alilipata jibu, nami nitajaribu kulieleza kwa maneno yangu. Kijana yule alidhani mnunuzi anamdai hukumu: mna maji, au hamna. Kama deni lingekuwa hilo, kweli asingeweza kulilipa. Lakini mnunuzi hamdai hukumu. Anamdai habari, yaani yale yaliyoupata ubao mikononi mwake. Uligonga mwamba. Nikaziba kwa nta. Nikauingiza baharini miezi mitatu. Hakuna hata neno moja hapo ambalo kijana hakulijua, na hakuna hata moja linalohitaji kuona ndani ya ganda. Asiyekuwa na hakika ya yaliyo ndani bado ana hakika ya yaliyopita. Akiyatoa hayo, basi kutojua kwake kunakuwa ni kwa halali, na mnunuzi analigawana naye kwa kupenda. Akiyazuia, anambebesha mwenziwe mzigo ambao hakuridhia kuubeba.

Kwa hiyo kutojua ni kwa namna mbili. Kuna anayesema sijui baada ya kutazama kwa kadiri ya uwezo wake, na kuna anayesema sijui kwa sababu hakutaka kutazama. Maneno yao ni yale yale, lakini wa kwanza tunampa udhuru na wa pili hana. Aliyekataa mizani tayari alikuwa na shaka, na shaka hiyo nayo ilikuwa ni habari ambayo mnunuzi alistahili kuisikia.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mazuri kwa maneno, lakini msema kweli atauza kwa hasara huku jirani yake aliyenyamaza akiuza kwa faida. Sikatai. Nimewaona wauzaji wakweli wakiteremsha bei mpaka nusu kwa ajili ya sentensi moja. Lakini tujiulize, hasara ile ililetwa na nini? Haikuletwa na ile sentensi. Ililetwa na mwamba, siku ile pezi lilipougonga. Thamani ya ubao ilikwisha kupungua kabla neno lolote halijasemwa. Msema kweli anaichukua hasara iliyo yake. Aliyenyamaza anaitoa mfukoni mwake na kuitia katika mfuko wa mtu mwingine, bila ya mtu huyo kujua.

Wengine watauliza: je, niseme kila mkwaruzo? Nimpigie mnunuzi hadithi ya maisha yangu? La hasha. Kipimo mimi hukiona chepesi: sema lile ambalo ungekuwa wewe mnunuzi ungetaka kuliuliza kwanza, kama ungejua la kuuliza. Kwa ubao wa epoksi ni mambo matatu tu. Uligongwa wapi, ulitengenezwa kwa nini, na uliwekwa vipi, hasa kama ulipata kuachwa ndani ya gari lililofungwa kwenye jua kali, kwani joto nalo hulibambua ganda. Haya husemwa kwa muda mfupi kuliko muda wa kuhesabu fedha.

Kwa upande wangu mimi fundi, nimejiwekea utaratibu. Wachongaji wa mbao wana desturi ya kuandika kwa penseli juu ya kiini, karibu na uti wa katikati, vipimo vya ubao na jina lao, kisha faiba huja juu na maandishi yakabaki humo yakionekana. Hicho ni kama cheti cha kuzaliwa. Mimi huandika cheti cha hospitali. Kabla ya kufunga jeraha naandika kwa penseli tarehe, kina cha ufa na uzito wa ubao siku ile, kisha natia epoksi isiyo na rangi juu yake. Mteja akitaka kiraka kipakwe rangi nampakia, maana hakuna dhambi katika kupenda kizuri. Lakini yale maandishi nayaacha wazi. Wateja wawili watatu walichukizwa wakaenda kwingine. Wengi wameridhika, na wapo waliorudi na mbao walizonunua kwa watu, wakaniambia kwamba walizichagua kwa sababu walisoma kilichoandikwa.

Baada ya muda nimeanza kuona kwamba habari hii haihusu mbao za California peke yake. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaishi na vitu vya mkono wa pili: magari kutoka Japani, majokofu, simu, mashine za kusagia. Kila mwaka vitu hivyo vinazidi kuwa vigumu, vinang'aa zaidi, na kufunguka kwa shida zaidi. Baiskeli ya zamani ilikueleza ugonjwa wake kwa mlio wa mnyororo. Simu ya leo haikuelezi kitu mpaka siku inapozima. Tunasifu uimara wa vitu hivi, nasi tuna haki ya kuusifu, lakini hatujaizoea gharama yake. Kitu dhaifu hujisema chenyewe. Kitu imara humwachia mwenyewe kazi ya kukisemea. Kwa hiyo kadiri vitu vyetu vinavyozidi kuwa na maganda magumu, ndivyo tunavyozidi kuhitaji watu wakweli, na ni kosa kufikiri kwamba ufundi mzuri utatupunguzia haja ya uaminifu.

Tena epoksi ikishaganda hairudi kuwa majimaji. Huwezi kuiyeyusha ukaunda ubao mwingine. Ubao uliolowa mpaka ukafa kwa kawaida huishia jalalani, na chembe zake zikitawanyika hufika baharini kule kule ulikokuwa ukiteleza. Ufa uliosemwa mapema huzibwa kwa kazi ya siku moja: ubao unasimamishwa jeraha likiwa chini, maji yakachuruzika, ukakauka, ukafungwa, ukaishi miaka mingine mingi. Ufa ulionyamaziwa huua ubao mzima. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nasi tumezoea kuisema methali hii juu ya miili yetu, ilhali inavihusu pia vitu tunavyokabidhiana.

Basi jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Muuzaji hawajibiki kuwa na macho ya kuona ndani ya ganda, wala hawajibiki kumdhamini mnunuzi dhidi ya kila baya. Anawajibika kutazama pale panapotazamika, na kukikabidhi kitu pamoja na habari zake. Kitu ambacho hakiwezi kukumbuka majeraha yake hubaki na kumbukumbu moja tu, ile iliyo kichwani mwa aliyekitumia. Anayekiuza kitu na kuizuia kumbukumbu hiyo ameuza nusu, na amepokea bei ya kamili.